Chini ya Boneti: Injini Kubwa Kwenye Gari la Zamani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka ughaibuni, kwa watu waliopatwa na ugonjwa mmoja. Wamenunua gari la Kimarekani la miaka ya 60 au 70, milango miwili, boneti ndefu, kisha wakakuta injini iliyomo ni ile ndogo ya kwendea sokoni. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ina mambo wanayoyahitaji wote.

Shikamoo Fundi. Niko Minneapolis, naendesha malori. Nimenunua Chevrolet Chevelle Malibu ya mwaka 1970, V8 ya 307 (inchi za ujazo), giaboksi Powerglide ya gia mbili. Chesisi haina kutu, bodi safi. Tatizo ni kwamba linaunguruma vizuri lakini haliendi. Jirani ana pikapu ya Chevrolet ya 1985 iliyogongwa, injini yake ni 454 na inawaka, anataka dola 900. Mfukoni nina dola 6,000 kwa kazi nzima. Wapo wanaoniambia niweke 350, wapo wanaosema LS, zile V8 za kisasa za Chevrolet. Mke wangu anasema niliache lilivyo. Nifanyeje? – M.K.

Marahaba, M.K.

Nianze na kitu ambacho barua yako haikukigusa: difu, lile sanduku la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Ukiniletea gari lisilokwenda, boneti nitaifungua baadaye. Kwanza nitaingia chini upande wa nyuma. Fanya hivi Jumamosi. Zuia magurudumu ya mbele, weka giaboksi nyutro, toa breki ya mkono, kisha nyanyua gurudumu moja tu la nyuma na uweke stendi, usiamini jeki. La pili libaki chini. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela shafti. Zungusha gurudumu raundi mbili kamili huku mwenzio akihesabu shafti. Ikizunguka mara mbili na karibu robo tatu, difu lako ni 2.73. Ikipita 3 kidogo tu, ni 3.08. Gurudumu likigoma kabisa kuzunguka, basi una difu la kufunga, linalosukuma magurudumu yote mawili pamoja, na aliyekuuzia hakujua alichokuwa nacho.

Sasa piga hesabu nami. Gia ya kwanza ya Powerglide hiyo ni 1.82. Zidisha kwa 2.73, unapata karibu 5. Turbo 350 ya gia tatu, ambayo Chevelle za mwaka wako ziliweza kuagizwa nayo, gia yake ya kwanza ni 2.52. Ifunge na difu la 3.36, unapata karibu 8 na nusu. Maana yake injini ileile ya 307, bila kuguswa hata plagi, inasukuma tairi kwa zaidi ya mara moja na nusu ya nguvu ya sasa pale taa inapogeuka kijani. Mtu akitumia pesa zote kwenye injini na kuiacha hiyo Powerglide na difu refu, yaani la namba ndogo kama 2.73, atapata gari la kelele nyingi zaidi tu.

Tuje kwa 454 ya jirani. Najua kinachokukosesha usingizi: Chevelle SS ya 1970 yenye 454 kali iliyoitwa LS6 (si LS za kisasa), nguvu za farasi 450. Ujazo ni uleule, lakini hizo ni injini mbili tofauti. LS6 ilikuwa na kompresheni ya 11.25 kwa 1, hedi zenye njia pana za hewa, kemshafti kali na kabureta kubwa ya Holley. Ya pikapu ilijengwa kuvuta trela la farasi wa kweli: kompresheni kama 8, njia za hewa nyembamba, na kiwandani iliandikiwa farasi 230 hivi. Tena namba hizo mbili hazikupimwa kwa mizani moja. Mpaka mwanzo wa miaka ya 70 Wamarekani walipima injini ikiwa tupu juu ya meza, bila feni, bila altaneta, bila ekzosi ya gari. Kuanzia modeli za 1972 ndipo wakaandika nguvu ya injini iliyovaa kila kitu chake. Kwa hiyo ile 450 ipunguze kichwani, na hii 230 usiidharau sana kama unavyoiona.

Si injini mbaya. Inavuta vizuri kutoka chini, na ukiipa pistoni, hedi na kemu inaamka. Lakini kufika hapo, zile dola 900 zimeshakuwa nauli tu.

Halafu kuna yanayoizunguka. Chevelle ilipokea injini hizo kubwa kiwandani, kwa hiyo huna haja ya kukata chuma. Ila itataka mauntingi zake na vishikio vyake vya kwenye chesisi. Itataka springi za mbele ngumu zaidi, maana inaizidi 307 kwa kilo 50 hivi, na zote zinakaa juu ya magurudumu ya mbele. Itataka rejeta pana yenye kava la feni, ekzosi mpya kuanzia kwenye hedi, na mabano mengine ya altaneta na pampu ya stelingi. Kinachokubali bila ugomvi ni giaboksi tu, kwa kuwa Chevrolet waliweka matundu ya bolti mamoja nyuma ya V8 zao ndogo na kubwa. Baada ya hapo utakuta difu lako la bolti 10 linalalamika, na kama mbele una breki za dramu, utaanza kuogopa gari lako mwenyewe. Wenye injini kubwa walipewa difu la bolti 12 na diski za mbele, na haikuwa kwa ajili ya urembo.

Ukiona bado moyo unataka 454, hakikisha kwanza ni 454. Soko hili lina watu wanaouza 402 kwa jina lolote linalolipa. Hata Chevrolet wenyewe mwaka 1970 waliuza 402 huku ubavuni wamebandika 396. Chukua tochi na brashi ya waya. Mbele, kwenye mwisho wa krenki, kuna balansa, lile duara zito nyuma ya puli. La 396, 402 na 427 ni duara zima. La 454 lina uzito uliokatwa upande mmoja, halifanani pande zote, kwa sababu krenki yake imebalansiwa kwa nje. Kisha nenda nyuma ya hedi ya kushoto, juu ya pale giaboksi inapofungwa, sugua grisi, soma namba ya kusubu na uilinganishe na orodha kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikukataza kusugua, nenda nyumbani.

Sasa neno langu. Baki kwenye ukoo wa injini uliyonayo. V8 ndogo ya Chevrolet ilianza 1955 ikiwa na inchi 265 za ujazo, na hiyo 307 yako, 327, 350 na 400 zote ni watoto wa tumbo moja. Kwa nje ni sawa. Mauntingi, ekzosi, mabano na rejeta, kama ni nzima, vyote vinarudi palepale. Ukifungua boneti, hakuna atakayejua umebadilisha chochote mpaka utakapokanyaga mafuta.

Katika hao, 400 ya kiwandani inavutia kwa jina. Siichagui. Ili silinda pana za inchi 4.125 zienee kwenye bloku lilelile, walizibananisha hadi maji hayapiti katikati yake. Ndiyo maana hedi zake zina vitundu vidogo vya kutolea mvuke. Ukifunga hedi za 350 bila kutoboa vitundu hivyo, joto litakusumbua na hutajua linatoka wapi. Na bloku zilizobaki leo nyingi zimeshaboriwa silinda mpaka mwisho.

Ninayoichagua ni 383, ambayo haikutoka kwenye Chevelle yoyote. Unachukua bloku ya 350, unabori silinda kutoka inchi 4.000 hadi 4.030, unaweka krenki yenye mwendo wa inchi 3.75 kama ule wa 400. Ukizidisha unapata inchi 383 za ujazo, bila ule ubanano wa silinda. Bloku yenye namba 3970010 imejaa Marekani nzima na ni nzuri. Fundi wa mashine atasaga bloku kidogo kwa chini, karibu na reli ya sampu (bakuli la oili), ili bolti za konrodi zisigonge, na atakagua pia kama konrodi hazigusi kemu. Krenki, balansa ya mbele na flaiwili zipelekwe kubalansiwa pamoja. Usikubali jibu la "hizi zinaingiliana". Weka hedi za alumini, kemu ya wastani isiyokuletea makeke kwenye foleni, na kompresheni ya 9.5 hivi. Utapata farasi 400 au karibu yake, na mvuto utakaousikia kuanzia mizunguko 2,000, pale ambapo gari la mtaani linaishi. Na kwa hedi hizo za alumini, injini inakuwa nyepesi kuliko ile unayoitoa.

Kama manifoldi ya hewa utakayonunua ni ndefu kuliko ya zamani, bandika madonge ya udongo wa kuchezea watoto juu ya kichujio cha hewa, funga boneti taratibu mpaka mwisho, fungua, kata donge kwa kisu na upime unene uliobaki. Chini ya nusu inchi, badilisha kichujio. Injini hucheza kwenye mauntingi unapokanyaga.

LS nazo nisizipite. 5.3 au 6.0 ya pikapu za kuanzia 1999 ni injini bora kuliko zote nilizotaja hapa, inawaka asubuhi ya Januari huko kwenu bila kubembelezwa. Lakini inakuja na kompyuta, waya, pampu ya petroli ya shinikizo la pauni 58, sampu nyingine ili isigonge krosimemba, na adapta za mauntingi. Anayependa umeme kuliko grisi, aende huko. Barua yako haikunisikika kama ya mtu wa waya.

Mpangilio wa pesa, basi. Kwanza breki za diski mbele. Pili Turbo 350 iliyofanyiwa ovahoo na difu zima la 3.36 kutoka Chevelle nyingine. Endesha hivyo msimu mmoja na 307 yako huku ukikusanya vipande vya 383 pembeni. Dola 6,000 zinatosha ukifunga mwenyewe na kulipa kazi ya mashine tu. Ukimlipa mtu afunge kila kitu, hazitoshi.

Na mke wako yuko nusu sahihi. Hiyo 307 usiiuze. Mbele ya hedi ya kulia kuna sehemu bapa yenye herufi na namba zilizogongwa. Zikilingana na namba ya chesisi, injini hiyo ilizaliwa na gari, na siku ya kuuza mnunuzi ataiulizia. Imwagie oili kwenye silinda, izibe matundu, ifunike, iegeshe pembe ya gereji.

Fundi, habari za kazi? Mimi na kaka yangu tuko Columbus, Ohio. Tuna Ford Mustang ya 1967, V8 ya 289. Tumepewa machaguo mawili: 5.0 kutoka Mustang ya 1989, au 351 Windsor kutoka pikapu ya F-150 ya 1978. Kaka anataka 351 kwa sababu ni kubwa. – Dada Z.

Nzuri, Dada Z. Mwambie kaka asilipe bado. Pikapu hizo za 1978 zilifungwa 351M, na 351M si Windsor. Namba ni moja, bloku ni tofauti. Ni refu na zito zaidi, na nyuma yake matundu ya giaboksi ni ya ukoo wa 429 na 460, V8 kubwa za Ford, kwa hiyo giaboksi yako ya 289 haitafungika. Kama muuzaji anasisitiza ni Windsor, inawezekana mtu aliibadilisha zamani, lakini macho yatakuambia. Hesabu bolti za kava la vavu: Windsor ina 6 kila upande, ile nyingine ina 8. Kisha fuata hozi ya juu ya rejeta. Kwenye Windsor inaingia kwenye manifoldi ya hewa, ikitazama mbele. Kwenye 351M termostati imekaa kwenye bloku lenyewe, ikitazama juu.

Hata ikiwa Windsor ya kweli, pima kwanza. Bloku lake ni refu kwa inchi 1.3 kuliko la 289, na kwa umbo la V hilo kila urefu unakuwa upana. Mna bahati kwamba ni 1967: mwaka huo Ford walipanua chumba cha injini ili 390 ienee. Hata hivyo minara ya shokapu iko karibu, na ekzosi ya 289 haitakaa.

Mimi ningeichukua 5.0. Kuanzia 1985 injini hizo za Mustang zina kemu ya rola, inayodumu sana. Lakini msiifunge kama ilivyo. Sampu yake haiwafai. Mtahitaji ya mbele, kama ya 289, pamoja na bomba la kunyonyea oili. Pampu yake ya maji inazunguka kinyume kwa sababu ya mkanda mmoja mrefu, kwa hiyo hamishieni kava la mbele na pampu ya 289. Flaiwili ya 289 imebalansiwa kwa aunsi 28, ya 5.0 kwa 50. Ukichanganya, gari litatetemeka mpaka beringi ziishe. Na distributa itakayowekwa iwe na gia ya chuma cha pua ngumu inayokubaliana na kemu ya rola. Ya zamani italika.

Kisha lile linalowatoa watu jasho siku ya kuwasha. 289 inawaka kwa mpangilio wa 1-5-4-2-6-3-7-8. Hiyo 5.0, kama 351 Windsor, inawaka 1-3-7-2-6-5-4-8. Ukizirudisha waya za plagi ulivyozizoea, itapiga mizinga kwenye kabureta na majirani watachungulia.

Kaka anataka ukubwa, na haki yake: 5.0 ni inchi 302, na 302 dhidi ya 289 ni tofauti ndogo. Bloku hilohilo la 5.0 likiboriwa hadi 4.030 na kupewa krenki ya mwendo wa inchi 3.40 linakuwa 347, kwa nje ni lilelile. Akilipata, difu lenu la inchi 8 lipumzishwe, tafuteni la 9.

Kaka Fundi, Pontiac Firebird 1968, 350, naishi Houston. Nimepata 455 ya Pontiac ya 1972. Itaingia? – S.

Itaingia. Pontiac hawakuwa na V8 ndogo na kubwa. 350, 400, 428 na 455 zina umbo moja la nje. Beringi kuu za krenki ya 455 ni pana zaidi, inchi 3.25 badala ya 3.00, kwa hiyo usijaribu kuhamisha krenki yenyewe kwenye bloku lako. Angalia mauntingi, maana mpangilio wa bolti ubavuni mwa bloku ulibadilika miaka ikipita, na ununue rejeta kabla ya kununua kitu kingine chochote, nakuhurumia na joto la huko. Jambo moja tu: mtu akikuletea giaboksi ya Chevrolet akasema "zote ni General Motors", matundu hayalingani.

Assalaam alaykum mzee wangu. Niko Maskati. Nina Dodge Dart ya 1971 yenye 318, nataka kuagiza 440 kutoka Marekani. – A.S.

Waalaykum salaam. Dodge waliwahi kuipenyeza 440 kwenye Dart mwaka 1969, chache tu, na zikatoka bila stelingi ya pawa wala breki za pawa kwa sababu nafasi haikubaki. Hiyo ndiyo gari unayotaka kuendesha Maskati mwezi wa Julai, na ekzosi imebanana na stelingi, na feni haina hewa ya kuvuta. Nisamehe, sioni raha yake.

Agiza 360. Ni ukoo wa 318 yako, giaboksi inafungika, chumba kinatosha. Kuna mambo mawili. Masikio ya mauntingi kwenye bloku la 360 hayafanani na ya 318, kwa hiyo agiza na mauntingi za 360 kabisa, uziweke kwenye kreti moja na injini. La pili ni kwamba 360 imebalansiwa kwa nje, na kwenye otomatiki za kiwandani uzito wa kubalansia umechomelewa kwenye konveta ya giaboksi. Konveta ya 318 haina uzito huo. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji akupigie picha ya konveta, uvione vipande vya chuma vilivyochomelewa ukingoni. Kama hana konveta, mpunguzie bei, kisha ununue yenye uzito sahihi hukohuko Marekani isafiri pamoja na injini, maana kuitafuta peke yake baadaye kutoka Maskati utalipa usafiri mara mbili.